Kura Iliyopigwa Mchangani

Jumatatu, Machi 3

Leo kijiji kimenifanya mwenyekiti, na sikuomba.

Chifu alituita katika uwanja wa kanisa, watu wa Kavuthini na wa Ngaani pamoja. Alikuja na kijana anayeitwa Ngure, wa shirika linalofanya kazi na kaunti. Ngure akasema kuna pesa za watoto wadogo, walio nasari na wale ambao bado hawajafika nasari, na kwamba mwaka huu hakuna ofisi itakayosema zifanye nini. Wenye watoto wataamua. Zinatosha kufanya jambo moja vizuri, au mawili kwa kujibana sana.

Tumezoea kuambiwa kitu fulani kinakuja, tupige makofi. Mzee mmoja akauliza, "Na tukiamua vibaya?"

"Mtakuwa mmeamua vibaya nyinyi wenyewe, mzee. Si mimi."

Tukacheka. Mwalimu Kanini, anayefundisha nasari yetu pekee, hakucheka.

Ilipofika kuchagua kamati, Kavuthini wakataja watu wa Kavuthini, Ngaani wakataja wa Ngaani, kelele zikapanda. Mto Kithumba unatutenga, na hata ukiwa mchanga mtupu kama sasa, bado ni mpaka. Ndipo Susu Kaveke, bibi mkongwe wa Ngaani, akasimama na fimbo yake. "Mpeni yule Mkikuyu wa cherehani," akasema. "Hana ukoo hapa. Hana upande."

Wote wakageuka kuniangalia. Nimeolewa hapa miaka mingi, nimemlea hapa binti yangu Kasiva mpaka akaolewa, nimeshona sare za watoto wao na nguo za maharusi wao, na bado ni yule Mkikuyu. Leo jambo hilo likawa sifa.

Nyumbani mume wangu Musyimi alinipa mkono kama mgeni. "Hongera, Mama Kasiva. Sasa hatutakaa kwa amani." Kisha akauliza polepole, akiangalia pembeni, "Watajenga darasa?"

Nikamwambia sijui. Mume wangu ni fundi wa mjengo. Tangu Krismasi hajaitwa kazi na mtu yeyote.

Alhamisi, Machi 6

Joto. Watu wote wako mashambani wakitayarisha kupanda. Nimeshona mapazia tu.

Ijumaa, Machi 7

Nimekwenda kuketi nasari tangu asubuhi, nione kile tunachotakiwa kukiamulia.

Watoto wanasomea ndani ya kanisa. Wana mikeka, ubao mmoja, na nyimbo nyingi. Kabla ya saa nne waliingia watu wa kupanga mazishi, Mwalimu Kanini akakunja mikeka bila kuambiwa, akawatoa watoto wakakae nje kwenye kivuli cha ukuta. Kivuli kilikuwa chembamba, wakakaa mstari mmoja. Msichana mmoja wa Ngaani, Kathini, mjukuu wa Susu Kaveke, alianza kusinzia katikati ya wimbo. Nikasema labda hakulala vizuri.

"Amelala vizuri," Mwalimu Kanini akasema. "Hajala. Msimu uliopita Ngaani hawakuvuna kitu. Anatembea, anavuka, anafika hapa, halafu mimi namwambia ahesabu."

Nimerudi nyumbani nikiwa na hakika. Ni uji. Mpishi, sufuria kubwa, unga wa wimbi na mtama kila asubuhi. Sijui kwa nini mtu yeyote angefikiria kitu kingine.

Jumanne, Machi 11

Mawingu yamekuja, yamekaa, yameondoka.

Ijumaa, Machi 14

Mvua! Imeanza alfajiri. Harufu ya udongo imeingia mpaka ndani ya vitambaa. Musyimi alisimama mlangoni bila shati kama mtoto.

Jumapili, Machi 16

Kura imepigwa. Ni darasa.

Niliitisha mkutano baada ya ibada, hapa Kavuthini, kwa sababu watu wangekuwa tayari wamekusanyika na nilitaka jambo liishe kabla ya palizi. Lakini mvua ilinyesha kutoka asubuhi, na mto ulikuwa na maji ya magotini. Kutoka Ngaani walikuja wanaume wachache tu, suruali zimekunjwa, viatu mkononi, wakiangalia mlango kila mara.

Mzee Nyamai ndiye aliyesema sana. Ni mzee wa kanisa, na ndiye mwenye duka la simenti na mabati pale sokoni. Alisema uji huliwa ukaisha, lakini jengo linabaki, na hata wajukuu wa wajukuu wetu watalikuta. Watu wakaitikia amina kana kwamba ibada inaendelea. Niliposimama kusema habari ya uji, niliona watu wananisikiliza mimi huku wanamtazama Musyimi kwa huruma, mtu ambaye mkewe anamnyima kazi mbele ya kijiji kizima.

Mikono ikainuliwa. Darasa. Nikawauliza wale wanaume wa Ngaani wanasemaje. "Sawa tu," wakasema. Nikatangaza kwamba vijiji vyote viwili vimekubaliana.

Kusema kweli, nilitoka nikimchukia Nyamai. Nilimwona akihesabu mifuko ya simenti kichwani wakati wa maombi ya kufunga.

Njiani Musyimi aliniambia, "Ungeweza kunyamaza tu."

"Mwenyekiti anyamaze?"

"Mke wangu anyamaze." Kisha akaona uso wangu. "Sikusema vizuri. Lakini ungeweza."

Jumanne, Machi 18

Inanyesha. Ndengu zimeota.

Ijumaa, Machi 21

Kamati imempa Musyimi usimamizi wa msingi. Nilitoka nje walipokuwa wakiamua, lakini kila mtu anajua ninaishi na nani. Wameanza kuchimba mitaro kando ya kanisa. Jioni alikuja na nyama na kabichi, akaimba akioga. Nilikuwa nimesahau kwamba anaimba. Nilikula, na nyama ilikuwa tamu, na nikajiambia kwamba darasa pia ni kitu kizuri.

Jumanne, Machi 25

Mto umewachukua Susu Kaveke na mjukuu wake Kathini. Wametolewa wote wawili, wako hai. Naanza na hilo.

Asubuhi hakukuwa na hatari ya kuonekana. Mchanga ulikuwa umelowa, na katikati kulikuwa na mkondo mwembamba ambao watoto wa Ngaani waliuruka wakicheka. Hapa kwetu hakukuwa na hata tone. Lakini juu huko, milima ya Mbooni, ilikuwa imenyesha, na maji yalikuwa njiani bila sisi kujua.

Adhuhuri Susu Kaveke alikuja kumchukua Kathini. Kwa kawaida huja Wayua, mama wa mtoto, lakini leo Wayua alikuwa anapanda mahali ambapo ndengu zilikataa kuota. Susu alipofika ukingoni aliona maji yameongezeka kidogo. Akamweka mtoto mgongoni, akamfunga kwa leso, mtoto wa miaka mitano, akaingia.

Wachota mchanga waliokuwa chini kidogo wanasema walisikia mngurumo wakadhani ni lori. Kisha maji yakaja yamesimama, ya kahawia, yamebeba matawi na mizizi.

Nilikuwa kwenye cherehani niliposikia mayowe. Nilipofika mtoni, wanaume waliokuwa wakichimba msingi walikuwa wamenitangulia, na Musyimi alikuwa majini. Amejifunga kamba ya ujenzi kiunoni, wenzake wameshika upande wa pili, na yeye anaelekea pale mto unapopinda, ambapo mgunga mmoja umeanguka. Bibi na mtoto walikuwa wamenaswa kwenye matawi yake. Niliona leso tu. Rangi ya chungwa. Inapotea, inaonekana, inapotea.

Nililia jina la mume wangu, hilo nalikumbuka. Nililia kwa Kikuyu, nikimwambia arudi. Nashukuru hakunisikia.

Waliwavuta pamoja, kwa sababu fundo la leso halikufunguka. Kama bibi angezama, mtoto angezama naye. Kama lingefunguka, mtoto angekwenda peke yake. Kathini alitapika maji, akakohoa, kisha akalia kwa sauti kubwa, na watu wazima wote pale ukingoni wakaanza kulia pia, hata wale wachota mchanga ambao tunawaita wahuni. Mguu wa Susu Kaveke ulikuwa umegeuka upande ambao mguu haugeuki.

Nyamai alileta pikapu yake mwenyewe bila kuitwa. Mimi nilikaa nyuma nimempakata Susu kichwa mpaka hospitali ya mji wa Wote. Hakulia njia nzima. Aliuliza mara moja tu kama Kathini ana viatu.

Tuliporudi, mitaro ya msingi ilikuwa imejaa maji. Musyimi alikuwa ameketi kwenye rundo la mawe, bado amelowa. Nikamfunika na koti langu.

Alhamisi, Machi 27

Nimekwenda hospitali na uji kwenye chupa ya chai. Paja limevunjika, wataliwekea chuma. Susu Kaveke alionekana mdogo sana kwenye kile kitanda, lakini mdomo wake ni ule ule.

"Kila anayekuja hapa ananiambia pole, mto ni mbaya," akasema. "Mto ulikuwa pale kabla sijazaliwa. Niambie wewe, siku ile ya kura, mimi mlinihesabu wapi?"

Nikasema wanaume wa Ngaani walikuwepo, na walisema sawa.

"Wale walitaka kuvuka kabla maji hayajapanda. Ungewaambia mnajenga uwanja wa ndege, wangesema sawa." Akashika chuma cha kitanda mpaka maumivu yakapita. "Nilisema huna upande. Nilidhani ni kitu kizuri. Lakini wewe umekaa upande mmoja miaka yote hii, Mama Kasiva. Umewahi kuvuka kuja kwetu?"

Nikataka kusema nimevuka, kwenye harusi, kwenye matanga. Nikaona si hilo aliloniuliza.

Ijumaa, Machi 28

Leo nimevuka. Maji yamepungua tena.

Wayua alinipokea bila tabasamu na kunitembeza. Sikujua kuna watoto wengi hivi. Wanaokuja nasari ni wachache, wale wenye miguu yenye nguvu na mtu wa kuwavusha. Wengine wote wako nyumbani. Nilimkuta mmoja wa umri wa Kathini amelala peke yake ndani ya nyumba, mlango umefungwa kwa waya nje, mama yuko kibarua mpaka jioni. Nilimwona mtoto wa miaka minne akimlea wa mwaka mmoja.

"Hawa wanasoma nasari gani?" nikauliza, swali la kijinga.

"Wanangoja mto ukauke," Wayua akasema. "Ukikauka, ni msimu wa njaa, hawana nguvu za kutembea. Halafu mvua inakuja tena."

"Mngependa nini?"

Alinitazama kwa muda. Nadhani alikuwa anapima kama nauliza kweli. "Mwalimu avuke yeye. Mtu mzima mmoja kuvuka, au watoto wote kuvuka, kipi ni rahisi? Au mtupe wetu, wa huku, afundishwe. Sisi tuna banda la kikundi cha akina mama. Liko na mabati tayari."

Nami nilikuwa nimekazana na uji. Hata uji wangu ungepikwa Kavuthini.

Jumapili, Machi 30

Kikao cha kamati kilikuwa kibaya.

Nilisema kura irudiwe, na safari hii Ngaani wawepo. Nyamai akasema kura imepigwa, Mungu anasikia, tukianza kurudia kura kila mtu anapolia hatutajenga hata choo. Wengi wakamuunga mkono. Mmoja akasema kwa Kikamba, akidhani sielewi, kwamba ndivyo ilivyo ukimpa mgeni kiti.

Tukampigia Ngure simu, aamue yeye. Akaanza kunisalimia kwa Kikuyu. Nilimjibu kwa Kiswahili, nikaweka simu mezani sauti juu, kila mtu asikie.

"Kama mkutano ndio ulioamua," akasema, "mkutano ndio unaoweza kubadilisha. Mimi siwezi. Mkitaka niamue, basi mwakani tutarudi kwa ofisi kuamua kila kitu, na nyinyi mpige makofi."

Nyamai akaguna. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Basi irudiwe. Lakini si Ngaani na si hapa. Mkutano wa hapa, wao hawaji. Mkutano wa huko, wa hapa hawaendi."

"Wapi basi?"

Mwalimu Kanini akasema, kama anajiongelesha, "Mtoni kwenyewe, mchanga ukikauka."

Jumatano, Aprili 2

Jua. Musyimi na vibarua wametoa maji kwenye mitaro kwa ndoo. Kazi imesimamishwa mpaka kura. Musyimi amepanga zana zake zote ukutani, moja moja, kama anazikagua.

Ijumaa, Aprili 4

Shule zimefungwa leo. Wiki nzima hakuna mtoto wa Ngaani aliyevuka. Mama zao wamekataa.

Jumatano, Aprili 9

Musyimi: "Utapiga kura gani?"

Mimi: "Mwenyekiti hapigi."

Musyimi: "Basi mimi nitapiga yangu. Usiniulize."

Jumamosi, Aprili 12

Nitajaribu kuandika yote.

Tulikutana katikati ya mto. Mchanga ulikuwa mkavu juu, baridi chini, na akina mama walivua viatu wakaketi miguu imezama. Waliokuja ni wengi kuliko nilivyowahi kuona hata kwenye mazishi. Susu Kaveke alikuwa ametoka hospitali juzi, akaletwa kwenye kiti cha plastiki, wachota mchanga wanne wamembeba kama bibi harusi. Kila mara niliangalia juu. Kuelekea Mbooni kulikuwa na weusi. Mwalimu Kanini ana kaka anayefanya biashara Tawa, huko juu, akamwomba akae karibu na simu atuambie mvua ikianza.

Nilisema maneno machache. Kuna njia mbili: darasa moja la mawe Kavuthini, kama tulivyoamua, au bila darasa, nasari mbili, moja kanisani kama sasa na moja kwenye banda la akina mama Ngaani, mwalimu msaidizi afundishwe kutoka huko huko, na uji pande zote. Mjadala uwe wazi.

Nyamai alisimama wa kwanza. Nilijikaza nisikie habari ya jengo linalodumu. Badala yake alisema hivi:

"Mnajua ninauza simenti. Sitajifanya siuzi. Lakini nitawaambia kwa nini nataka darasa. Mimi nilisomea ndani ya kanisa hili hili, kabla halijaezekwa upya. Kila tukikaa, kuna mazishi, kuna harusi, kuna semina. Toka nje, watoto. Mpaka leo nikiingia chumba chochote, hata benki, nakaa karibu na mlango, maana najua kuna mtu atakuja kunitoa. Nataka mtoto wa hapa awe na chumba ambacho hakuna mtu mzima anaweza kumtoa. Ni hilo tu."

Akaketi. Nilimtazama mtu huyu ambaye kwa mwezi mzima nimemwona kama mfuko wa simenti unaotembea, nikasikia aibu. Kama ningekuwa na kura wakati huo, sijui ningeiweka wapi.

Wayua ndiye aliyejibu. Hakupandisha sauti. "Mzee Nyamai, pole kwa hayo. Lakini nikuulize. Sasa hivi, mzee wa kanisa ni nani?"

"Ni mimi. Na wengine."

"Na watoto wakitolewa nje ya kanisa, anayewatoa ni nani?"

Kisha mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na kicheko kikasambaa mpaka watu wakashika mbavu, na Nyamai akainamisha kichwa, na nikaona mabega yake pia yanatikisika.

"Wa kwenu wanatolewa nje," Wayua akaendelea watu walipotulia. "Wangu hawajawahi kuingia."

Hapo hakuna aliyecheka.

Baba mmoja wa Kavuthini akasema banda la mabati si shule, kaunti itatudharau. Mama mmoja wa Ngaani akauliza nani atampikia mwalimu. Mwingine akataka kujua msaidizi atachaguliwaje, isije ikawa binti wa mtu. Yalikuwa maswali mazuri, na hayakuelekezwa kwa Ngure, aliyekuwa ameketi pembeni. Walikuwa wanaulizana wenyewe. Ndipo simu ya Mwalimu Kanini ikalia.

Akasikiliza, akaja kuninong'oneza, lakini watu walikuwa wamesoma uso wake. "Tawa imeanza," akasema kwa sauti. "Kubwa."

Watu wakaanza kusimama. Maji huchukua muda kutoka huko, lakini hakuna aliyekuwa tayari kubahatisha, si baada ya ile siku. Mtu wa kamati akaniambia, "Ahirisha, Mama Kasiva. Tuendelee wiki ijayo."

Niliona watu wameanza kugawanyika, wa Kavuthini upande wao, wa Ngaani upande wao. Na Susu Kaveke, kwenye kiti chake, hakuwa ameondoka. "Tukipanda kila mtu kwake," akasema, "hatutashuka tena. Mpige sasa."

"Susu, maji!"

"Mimi ndiye niliye na mguu wa chuma. Kama mimi naweza kungoja, nyinyi mnakimbilia wapi?"

Nikapaza sauti ambayo sikujua ninayo. Nikasema tunapiga sasa hivi, na haraka. Tulikuwa na ndoo mbili nyuma ya shuka lililoshikwa na wasichana wawili: nyekundu ni darasa, ya bluu ni nasari mbili. Kila mtu punje moja ya ndengu. Nilitaka ndengu kwa sababu mikono ikiinuliwa jirani anaona, na mtu anaweza kuinua mkono kwa ajili ya jirani.

Wakapita mbio. Wazee kwanza, kisha akina mama wenye watoto, kisha wengine. Sikuwa nimewahi kuona watu wakipiga kura huku wanakimbia. Susu Kaveke alibebwa kiti na vyote, akapitishwa nyuma ya shuka, akatupa ndengu yake, akapandishwa ng'ambo. Musyimi alikuwa wa mwisho. Hakuniangalia.

Tulibeba ndoo mpaka ukingo wa juu na kuhesabu hapo, Mwalimu Kanini na mtu mmoja kutoka kila upande. Nasari mbili zimeshinda. Si kwa nyingi. Na kwa hesabu yoyote, watu fulani wa Kavuthini wamepigia kura watoto wasio wao, na labda watu fulani wa Ngaani wamepigia darasa. Sitajua ni akina nani, na napenda nisijue.

Nilitangaza kwa kupiga kelele kuvuka mchanga mtupu. Ng'ambo walipiga vigelegele. Upande wetu watu walikwenda nyumbani kimya.

Maji yalifika kabla ya jua kuzama. Nilisikia mngurumo nikiwa jikoni, nikaacha chungu nikatoka nje. Musyimi alikuwa amesimama pale uani, anasikiliza pia.

"Nilipigia darasa," akasema.

"Sikukuuliza."

"Nimekuambia hata hivyo. Niliwatoa wale wawili majini kwa mikono yangu, na bado nilipigia darasa, maana nataka kazi. Utanionaje sasa?"

"Kama mtu aliyepiga kura," nikasema.

Alhamisi, Aprili 17

Nyamai hanisalimii. Leo nilikwenda dukani kwake kununua misumari ya banda, akaniuzia kwa bei ya kila mtu, akanipa chenji bila neno.

Jumanne, Aprili 22

Musyimi ameondoka baada ya Pasaka kwenda Emali. Kuna mtu anajenga maghala huko, kazi ya miezi kadhaa. Nilimfungia mwiko, timazi na nguo zake. Hakuondoka kwa hasira. Alisema kama darasa lingejengwa angekuwa amelala nyumbani kwake, na kwamba anasema hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa kunilaumu. Nikamwambia najua ni kweli.

Nyumba ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Jumapili, Aprili 27

Leo, kabla ya baraka ya mwisho, Nyamai alisimama mbele ya kanisa. Akasema wazee wamekubaliana: siku za shule, mpaka mchana, kanisa ni la watoto. Mazishi yatapangiwa nyumbani kwa wafiwa. Mwenye harusi atumie uwanja. Akaketi. Watu wakageuka kunitafuta kwa macho, lakini sikuhusika. Hakuniambia, na sikumwomba.

Nje nilimwendea. "Asante, mzee."

"Si kwa ajili yako," akasema. Lakini alinipa mkono.

Jumatatu, Mei 5

Nasari ya Ngaani imefunguliwa. Mwalimu Kanini atavuka siku mbili kwa wiki mpaka msaidizi azoee. Watoto walikuwa wengi hata mikeka haikutosha, wengine wakaketi kwenye magunia. Yule niliyemkuta amefungiwa kwa waya alikuja na kaka yake, akakataa kuachia shati la kaka yake asubuhi yote. Kathini alijifanya mwenyeji, akiwaonyesha wenzake namna ya kukaa.

Jumanne, Mei 20

Mvua imekwisha mapema. Ndengu zimepona, mahindi hayajapona.

Jumamosi, Mei 31

Musyimi amekuja nyumbani siku mbili. Amekonda, anaimba. Aliketi na Mwalimu Kanini wakachora namna ya kufukia ile mitaro ya msingi ili watoto wasitumbukie humo. Alifanya kazi hiyo asubuhi yote bila malipo, na mchana alipanda gari kurudi Emali.

Jumamosi, Juni 14

Leo sokoni mama mmoja wa Ngaani, hata jina lake silijui, alinishika mkono mbele ya watu kwa hasira.

"Mwenyekiti, ule uji wenu ni maji matupu! Mpishi anapunguza unga. Na yule msaidizi anafika amechelewa, jua limeshapanda. Na kwa nini watoto wa huku wana mikeka mipya na wetu wana magunia?"

Watu wakasimama kusikiliza. Nikaanza kujitetea, nikitafuta maneno. Kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka kwamba katika miaka yote niliyoishi hapa, sijasikia mzazi hata mmoja akilalamika kuhusu nasari. Ilikuwa inakuja, inakwenda, inafungwa, inafunguliwa, kama hali ya hewa, na hakuna anayeigombeza hali ya hewa.

"Kuna mkutano Jumatano," nikamwambia. "Uje uyaseme yote hayo."

"Nitakuja," akasema, bado amenishika mkono. "Na nitakuja na majirani zangu wote. Mtatusikia."